Mamlaka, Madaraka na Mlango wa Arusha

Novemba 2019 Serikali ya Tanzania ilipeleka Umoja wa Afrika barua iliyosainiwa na Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo, Profesa Palamagamba Kabudi. Barua ilisema kwamba Tanzania inaondoa tamko lake la mwaka 2010, lililotolewa chini ya ibara ya 34(6) ya Itifaki iliyoanzisha Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Vijiweni habari hiyo ilifika ikiwa imefupishwa kuwa neno moja: tumejitoa. Hapo ndipo tulipopotea, maana Tanzania haikujitoa. Ilibaki ndani ya Itifaki, na Mahakama yenyewe ikabaki Arusha, mji ilikohamia mwaka 2007 ikitokea Addis Ababa. Kilichoondoka kilikuwa kitu kingine kabisa, na kwa kuwa hatukuwa tumekipa jina linaloeleweka, wengi hawakujua walichopokonywa.

Ninayapenda maneno, lakini mjadala wa istilahi unaoishia kwenye "hili ni la Kiarabu, lile ni la Kiajemi" haunitoshi. Ninapolisoma neno la sheria au la siasa, nataka kujua kwanza linamwachia mwananchi nini mkononi. Sasa jambo hili lina uzito zaidi kuliko zamani. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Neno tunalolitumia ovyo gazetini leo, kesho litasomwa na jaji kwenye hukumu.

Tuanze na itifaki. Kwa Mtanzania wa kawaida neno hili ni la jukwaani: mzungumzaji anasimama mbele ya wageni waalikwa, anasema "itifaki imezingatiwa", na watu wanashukuru kuokolewa na orodha ndefu ya salamu. Maana yake ya asili ni makubaliano, na kwenye sheria za kimataifa ndiyo hiyo hiyo: mkataba unaoambatana na mkataba mwingine mkubwa. Itifaki ya Mahakama ya Afrika ilipitishwa Ouagadougou mwaka 1998, ikaanza kutumika Januari 2004. Inaambatana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ule uliopitishwa Nairobi mwaka 1981.

Nchi huingia kwenye itifaki kwa kuiridhia. Kuridhia ni moja ya istilahi bora tulizonazo. Kusaini ni kazi ya mkono, na waziri anaweza kusaini mbele ya kamera akarudi nyumbani bila jambo lolote kubadilika. Kuridhia kumebeba ridhaa, neno lile lile analoulizwa bibi harusi kabla ya nikaha kufungwa, na kila mtu chumbani anajua kwamba bila jibu lake hakuna ndoa. Katiba ya Tanzania, ibara ya 63(3)(e), imelipa Bunge kazi hiyo ya kujadili na kuridhia mikataba. Tanzania iliiridhia Itifaki ya Mahakama mwaka 2006.

Ridhaa hiyo, hata hivyo, ilikuwa nusu tu. Chini ya Itifaki, nchi iliyoridhia inaweza kupelekwa mahakamani na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yenye makao Banjul, au na nchi nyingine. Raia wake mwenyewe hawezi kwenda moja kwa moja, wala asasi ya kiraia haiwezi, mpaka nchi iweke hati ya pili inayosema: naikubali Mahakama ipokee mashauri ya watu wangu dhidi yangu. Hati hiyo ya pili ndiyo "tamko". Tanzania iliiweka Machi 2010. Kenya na Uganda hazijawahi kuiweka, ingawa zote mbili zimeridhia Itifaki. Rwanda iliiweka mwaka 2013, ikaiondoa mwaka 2016.

Neno tamko, kwa kitu kizito kama hiki, limetuangusha. Waziri akikohoa anatoa tamko. Chama kinatoa tamko, na klabu ya mpira nayo inatoa tamko juu ya mwamuzi. Tamko ni kauli, na kauli hutolewa leo ikafutwa kesho bila mtu kupoteza kitu. Wala si mara ya kwanza tatizo hili kutupata. Ile hati ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1948 inayotaja haki za kila binadamu duniani, tafsiri yake ya Kiswahili inayosambazwa na Umoja wenyewe inaiita "taarifa", na wengine huiita azimio au tamko. Taarifa kwa msikilizaji wa leo ni ya saa mbili usiku. Azimio lina nguvu zaidi, kwa sababu ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, lakini azimio ni nia ya mtu kwa nafsi yake.

Ningependa hati ya ibara ya 34(6) tuiite kwa kazi yake: ridhaa ya kushtakiwa. Maneno matatu tu, na hakuna kamusi inayohitajika. Lau vichwa vya habari vya Novemba 2019 vingesema kwamba Serikali imeondoa ridhaa ya kushtakiwa na wananchi wake, mama muuza mbogamboga Kilombero na dereva wa daladala Tandika wangejua papo hapo kwamba habari inawahusu. "Kujitoa" kulifanya ionekane ni mambo ya mabalozi.

Sababu ambayo Serikali iliieleza Umoja wa Afrika ilikuwa kwamba tamko lilikuwa likitumiwa kinyume cha masharti Tanzania iliyoyaweka mwaka 2010: kwamba mlalamikaji awe amemaliza njia zote za mahakama za ndani, na kwamba Katiba ya nchi iheshimiwe. Nchini hoja iliyovuma zaidi ilikuwa pana kuliko hiyo: mamlaka ya nchi yanaingiliwa. Hapa ndipo lilipo neno ninalotaka kulikalia.

Kiswahili kina mamlaka na kina madaraka, na siku hizi tunayabadilishana kama vile ni pacha. Sikiliza lakini lugha yenyewe inavyoyatumia. Tunasema fulani ameingia madarakani, yuko madarakani, ametolewa madarakani. Madaraka yana mlango wa kuingilia na wa kutokea. Mtu hukabidhiwa, huyatumia vibaya, hulewa nayo, huyang'ang'ania. Ni nadra sana kumsikia mtu akisema fulani ameingia "mamlakani". Mamlaka ni ndugu wa kumiliki na milki, na wa malkia pia. Ni kitu chenye mwenyewe, na mwenyewe haingii wala hatoki.

Kalenda ya Kenya inaijua tofauti hii kuliko wengi wetu tunaoandika. Juni 1, 1963 Kenya ilipata Serikali yake ya ndani, ikiongozwa na Waziri Mkuu Jomo Kenyatta, huku ulinzi na mambo ya nje yakibaki kwa Mwingereza hadi Desemba 12. Siku ile ya Juni inaitwa Madaraka, na jina hilo limekaa sawasawa: waliopewa kazi ya kuongoza walikuwa wameshaingia ofisini, lakini mwenye kauli ya mwisho alikuwa bado London.

Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ambayo Kiswahili ndicho lugha yake ya asili, imeyaweka maneno haya mawili katika ibara moja. Ibara ya 8 inaeleza kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na kwamba Serikali inapata madaraka na mamlaka yake kutoka kwao. Sijui sentensi iliyo bora zaidi ndani ya Katiba ile. Lakini rudi nyuma ibara moja. Ibara ya 7(2) inasema kwamba masharti ya Sehemu hiyo, ambayo ndani yake imo ibara ya 8, hayatatiliwa nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. Yaani wananchi ndio wenye mamlaka, ila hawawezi kwenda mbele ya jaji wa nchi yao na kuisimamisha hoja yao juu ya ibara hiyo peke yake. Wakenya mwaka 2010 walifanya vingine: Katiba yao inaanza na watu kama wenye mamlaka yote, na hakuna kufuli kama hilo juu yake.

Wakati huohuo mitaani mamlaka imekuwa jina la ofisi. Tuna Mamlaka ya Mapato, Mamlaka ya Bandari, mamlaka za maji za kila mkoa. Vyombo vya habari vinaandika "mamlaka zinasema" vikimaanisha polisi au mkuu wa wilaya. Neno la mwenye mali limevikwa watumishi wake, na tumelizoea mpaka halitushtui. Sisemi tubadili mabango ya taasisi. Nasema mwandishi anayeandika "mamlaka zimepiga marufuku mkutano" angeweza kuandika "polisi wamepiga marufuku mkutano", na msomaji akajua ni nani wa kuulizwa.

Sasa ingia kwenye chumba cha Mahakama Arusha. Kila hukumu ya majaji wake huanza na swali la mamlaka: je, Mahakama ina mamlaka ya kusikiliza shauri hili? Ndipo wanapouliza kama shauri linapokelewa, kisha ndipo kiini chake. Katika mashauri mengi mawakili wa Tanzania walipinga hatua ya kwanza kabisa, wakidai kwamba Mahakama inaombwa ikae kama mahakama ya rufaa juu ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Majaji walijibu mara kwa mara kwamba wao hawasikilizi rufaa. Wanapima tu kama kilichotendeka ndani ya nchi kinaafikiana na mikataba ambayo nchi yenyewe imeiridhia.

Msikilizaji wa Kiswahili anasikia Serikali ikitetea mamlaka yake na Mahakama ikidai mamlaka yake. Neno ni moja, kwa hiyo inaonekana kama vitu viwili vinagombea kiti kimoja, na mmoja akipata mwingine amekosa. Sivyo. Mamlaka ya mahakama kusikiliza shauri yamezaliwa na ridhaa ya nchi. Mwaka 1923 Mahakama ya Kudumu ya Haki ya Kimataifa kule The Hague, katika shauri la meli iitwayo Wimbledon, ilikataa hoja kwamba nchi inayojifunga kwa mkataba inapoteza enzi yake. Ilisema uwezo wa kujifunga kwa mkataba ni sehemu ya enzi hiyo. Mtu mzima ndiye anayeweza kuweka ahadi ikamfunga. Kwa maneno yetu, nchi haikunyang'anywa mamlaka mwaka 2010, iliyatumia.

Na waliohisi kuingiliwa ni akina nani hasa? Ni walioko madarakani. Wenye mamlaka kwa mujibu wa ibara ya 8 ndio waliokuwa wakipanga foleni Arusha kushtaki. Tanzania ilikuwa nchi iliyopelekwa katika Mahakama hiyo mara nyingi kuliko nchi nyingine yoyote, na walalamikaji wengi walikuwa wafungwa, baadhi yao wakiandika maombi yao wenyewe bila wakili.

Chukua safari ya Mchungaji Christopher Mtikila. Alitaka Mtanzania aruhusiwe kugombea uongozi bila kuwa mwanachama wa chama. Mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu, Dodoma, alimpa haki. Bunge likarekebisha Katiba ili kizuizi kibaki palepale. Mchungaji akarudi mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa haki mara ya pili. Juni 2010 Mahakama ya Rufani ikaitengua, ikasema jambo hilo ni la kisiasa na wa kulimaliza ni Bunge. Miaka zaidi ya 15 ya kuzunguka kutoka mhimili mmoja kwenda mwingine, na kila mhimili unaonyesha kidole kwa jirani yake. Lakini miezi mitatu kabla ya uamuzi huo wa mwisho, nchi ilikuwa imeweka ile ridhaa ya kushtakiwa. Mtikila akaenda Arusha. Juni 14, 2013 Mahakama ya Afrika ilitamka kwamba Tanzania imevunja haki ya raia kushiriki katika uongozi wa nchi yao, uhuru wao wa kujiunga na wengine kwa hiari, na haki yao ya kuwa sawa mbele ya sheria. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya Mahakama hiyo kuitia nchi hatiani.

Mtikila alifariki katika ajali ya gari Oktoba 2015. Mgombea binafsi bado haruhusiwi Tanzania.

Hapo tunalikuta neno jingine, na hili Kiswahili cha mahakama kimelipata vizuri mno: kukaza hukumu. Aliyewahi kushinda kesi ya madai anajua kwamba kushinda hakujamlipa mtu. Hukumu inabaki karatasi mpaka ikazwe: unarudi mahakamani kuomba, dalali wa mahakama anateuliwa, anakwenda kwa mdaiwa na hati mkononi, anakamata gari au anapiga mnada nyumba. Hukumu za Arusha hazina dalali. Itifaki inasema nchi zinaahidi kuzitekeleza, Baraza la Mawaziri wa Umoja wa Afrika linafuatilia, na Mahakama inawataja wakaidi katika ripoti yake ya kila mwaka kwa wakuu wa nchi. Basi. Ndiyo maana nasisitiza istilahi kiasi hiki. Sheria ya kimataifa haina wa kuikaza isipokuwa aibu ya mtawala na kelele za watu wake, na watu hawapigi kelele juu ya kitu wasichokijua kwa jina.

Jina la Mahakama yenyewe nalo lina kasoro. Haki za Binadamu na Watu: msikilizaji anauliza kwa haki kabisa, kwani binadamu si watu? Wanaotumia Kiingereza na Kifaransa wanaona tofauti kati ya mtu mmojammoja na kundi lenye historia yake, lugha yake na ardhi yake. Kiswahili kikisema watu kinasikika kama wingi wa mtu tu. Na tofauti hiyo si ya kitabuni. Oktoba 2009 Waogiek wa msitu wa Mau nchini Kenya walipewa notisi ya siku 30 wahame. Kwa kuwa Kenya haijatoa ridhaa ya kushtakiwa na raia, shauri lao lilibidi lipitie Banjul, kwenye Tume, ndiyo ikalifikisha Arusha. Mei 26, 2017 Mahakama iliwapa ushindi. Ilitambua kwamba jamii ya Waogiek, ijapokuwa ni sehemu ndogo ya raia wa Kenya, ni "watu" kwa maana ya Mkataba, mradi madai yao hayatikisi mipaka ya nchi, na kwamba haki zao za ardhi, utamaduni na dini zimevunjwa. Juni 2022 ikaamuru Kenya iwalipe fidia ya shilingi za Kenya milioni 157.85. Shauri zima lilisimama juu ya neno lile ambalo Kiswahili chetu kinalipita bila kuliona. Ningeandika "haki za binadamu na jamii", maana jamii ndilo neno Wakenya wenyewe wanalitumia wakisema jamii ya Waogiek, na hakuna anayeuliza maana yake.

Asiseme mtu kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sheria ya namna hii. Kilishaweza, na mji ulikuwa huohuo. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyowahukumu wapangaji wa mauaji ya Rwanda ilikaa Arusha hadi ilipofungwa Desemba 2015. Septemba 2, 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, na ikawa hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa hilo. Kosa gani? Tulikuwa na "mauaji ya halaiki", na halaiki ni umati. Neno linahesabu maiti. Lakini mkataba wa mwaka 1948 juu ya kosa hilo hauhesabu maiti. Unatazama nia ya kuliangamiza kundi la watu, lote au sehemu yake, kwa sababu ya taifa lao, kabila, rangi au dini. Kutoka kwenye mbari, yaani ukoo, tukawa na "mauaji ya kimbari", na nia ile ikaingia ndani ya neno. Leo mtoto wa sekondari anajua kwamba bomu linaloua watu elfu sokoni ni uovu mkubwa na bado linaweza lisiwe mauaji ya kimbari. Ameujua msingi wa sheria nzima kwa sababu kuna mtu alijali aliposhika kalamu.

Rwanda ilipoondoa ridhaa yake mwaka 2016, majaji wa Arusha waliamua kwamba nchi inaweza kuiondoa, ila kwa notisi ya mwaka mmoja, na kesi zilizokwisha kufunguliwa zinaendelea. Kwa hesabu hiyo ridhaa ya Tanzania iliisha Novemba 22, 2020. Katika ule mwezi wa barua, Novemba 28, 2019, Mahakama ilitoa hukumu katika shauri la Ally Rajabu na wenzake: adhabu ya kifo ambayo sheria ya Tanzania inamlazimisha jaji kuitoa kwa kila kosa la mauaji, bila kumwachia nafasi ya kupima mazingira, inavunja haki ya kuishi. Mtanzania anayehukumiwa hivyo leo hawezi kulifuata lango lile.

Wahariri, nawaombeni mambo mawili. Mkiandika juu ya ibara ya 34(6), andikeni ridhaa ya kushtakiwa. Na neno mamlaka mliwekee wananchi. Walioko ofisini yanawatosha madaraka. Kwa Serikali ombi langu ni moja, na nalisema kama mmoja wa wale inaowataja ibara ya 8: irudishe ridhaa iliyoiondoa.